Nguo ya Idi ya Yasmina

Gitega

Dada Zaituni,

Kwa heshima zote nakutangazia kwamba suruali niliyojishonea mwenyewe imepasuka mbele ya wateja. Fundi mzima! Cheka umalize, ndipo uendelee kusoma.

Mbegu zako za maboga zilifika. Binti yangu Yasmina anazitafuna kila siku, nami namwibia, ndiyo maana suruali ikashindwa. Sasa nasikia huko Muyinga unawaonyesha majirani picha yake ya Idi: "Tazameni, mbegu zangu zimemnyoosha mtoto mgongo!" Dada, bado kufungua duka la dawa tu.

Hazikumnyoosha. Daktari alipima damu, akakuta madini ya zinki ni machache, akasema mbegu ale, zitamjenga mwili. Lakini si zinki iliyoupinda mgongo, wala haitaunyoosha. Kwa kuwa Yasmina bado anakua, daktari alisema avae koriseti, lile gamba gumu la plastiki, ili mgongo usizidi kupinda.

Ile picha ni kazi ya cherehani yangu. Nilijaza pamba kwenye bega lililoshuka, nikasawazisha pindo. Watu wakasifu. Jioni Yasmina aliivua nguo, akaiweka mezani kwangu.

"Papa, we umenyoosha nguo. Mi ningali hivi. Nishonee kubwa, koriseti ipite ndani."

Sikulia, dada. Sikusikia kitu chochote moyoni. Nilichukua futi, nikampima upande huu na upande ule, na safari hii nikakata kitambaa kama alivyo.

Mdogo wako,
Hamadi