Kitanda kimoja Addis

Mama Bénédicte, naomba unisaidie kabla sijabonyeza, maana humu nyumbani simwamini mtu. Mume wangu Edmond Kambale, mzaliwa wa Butembo, anauza unga kwa jumla hapa Ruashi, na tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi anasema dada yake Dorcelle, ambaye mimi namjua kwa simu tu, amekimbilia Kampala, basi atamfuata aje naye, nikasema sawa, lakini nimefungua ukurasa wa tiketi nikakuta abiria wa pili si Dorcelle, ni Kavira, tena ameandikwa "conjointe", yaani mke, tena njiani kurudi, Addis, wamewekewa chumba kimoja chenye kitanda kimoja, sasa Mama, dada gani hana jina la kaka yake na analala naye? Nilipomuuliza akajibu, "Mu ile site hakuna fasi ya kuandika dada, iko conjoint na mutoto tu. Njo maana." Alijibu upesi mno. Nikapigia simu huduma ya wateja ya tovuti hiyo, msichana akaniambia, "Félicitations, madame, hongera sana, tunawatakia bwana na bibi safari njema." Akaunti iko kwenye simu yangu, na namba ya siri ya kufuta tiketi imeingia kwangu. Nifute?

Mama Masika, Ruashi

Mama Masika, ondoa kidole hapo kwanza. Wivu wako nauelewa, hata mimi chai ingenipalia. Lakini umeolewa na Mnande wa Butembo na hukuwahi kuuliza kwa nini binti yako wa kwanza aliitwa Masika? Kwao jina hufuata zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo kaka na dada hawachangii jina. Tena sisi wa nchi hii tuna majina matatu na tovuti hizo zina nafasi mbili, huenda Dorcelle ndilo lililobaki nje. Zikiona mke, zinapanga kitanda zenyewe, na yule msichana anasoma alichoandikiwa.

Sisemi mumeo ni malaika, wanaume wa safari nawajua. Leo mpigie mama mkwe Butembo, umuulize Dorcelle anaitwa nani nyumbani, bila kutaja tiketi. Akisema Kavira, mpikie Edmond sombe na samaki wa Pweto, halafu mkae wawili mbadilishe chumba kile. Akisema jina jingine, bado usifute. Huyo Kavira akiwa hawara, utamfukuza hapa hapa mlangoni, na mimi nitakuja kukushikia ufagio. Lakini akiwa wifi yako aliyekimbia risasi, na umefuta, amebaki peke yake Kampala na wewe ndiye uliyemwacha.