Mwalo Umefungwa, na Mimi Niko Makanyagio

Mama Getrude mshauri,

Nasoma ukurasa wako kila gazeti linapofika hapa Mpanda, hata likichelewa. Sikuamkii kwa sababu sijui nani kati yetu ni mkubwa, ila mvi ninazo za kutosha, na jambo lenyewe limenishinda.

Nilizaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, vita ya zamani ikanivusha upande huu nikiwa kijana, nikalima mpunga, nikafundisha shule ya msingi, nikamwoa Nyamizi, Mkonongo wa hapa hapa, na nilipopewa uraia wa Tanzania niliinua mkono nikaukana ule wa kwanza kwa kiapo, na sikujuta, ingawa jioni ile sikula. Kule kijijini amebaki mdogo wangu wa kike, Scolastica. Sasa vita imerudi, na wanajeshi waliokuja kuwalinda wameufunga mwalo, pale mitumbwi inapofikia, kwa waya wa miiba wakisema adui anaweza kupita majini, hivyo hakuna mtumbwi unaotoka wala kuingia, na kijiji kilichoishi kwa dagaa kinayatazama maji tu. Wanawake walimwendea mkuu wa kikosi, akawaambia wasubiri vita iishe, basi wameamua kupeleka malalamiko yao kwa bunge la nchi yao, na Scolastica akapanda mlimani kutafuta mtandao, akanipigia.

"Kaka, wewe ulisomaka. Utuandikie. Waambie watufungulie asubuhi tu, jua likishawaka. Wasimame pale na bunduki zao, watuhesabu tukitoka, watuhesabu tukirudi. Tuko na njaa, kaka."

Nimeandika, Mama Getrude, na nimeandika vizuri mno, nimeanza na wakoloni, nikapitia mipaka na mikataba, nikataja kila aliyetuahidi amani, na mwalo wenyewe unatokea karibu na mwisho. Nilipomsomea Nyamizi aliendelea kuchambua mchele mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Baba Denis, hii ni ya njaa au ya mtihani?" Nilitoka nje nimekasirika.

Lakini shida kubwa ni jina. Sisi tuliotoka kule tuna kawaida yetu, kila Jumatatu ya Pasaka tunakutana hapa mjini, vijiji vyetu vinaitwa kimoja kimoja na mzee wa kila kijiji anasimama na kuitikia "tupo", na kwa kijiji chetu nasimama mimi, tangu wakubwa wangu walipozikwa huku. Sasa Maximilian, mwenyekiti wetu, anataka ombi lianze na "Sisi raia", mimi nisaini wa kwanza na wazee wote wa Mpanda wafuate, ili wabunge waone watu ni wengi. Nikamwambia mimi si raia wa kule tena. Akacheka. "Mwalimu, miaka yote unaitika tupo, leo ndiyo umekumbuka kuwa haupo?"

Scolastica naye anasema nisiposaini wa kwanza wenzake watajua nimewatupa. Nikisaini nazidanganya nchi mbili kwa kalamu moja. Aloyce mfanyabiashara anavuka kutoka Karema Jumamosi, atakutana na katekista wao kwenye mji aliko mbunge wao, ampe karatasi. Nifanye nini?

Mwalimu Telesphor,
Makanyagio, Mpanda

MAMA GETRUDE ANAJIBU

Shikamoo, Mwalimu. Suala la umri tumelimaliza.

Pole. Inauma kuona kijiji chako kinaomba na wewe huna mkono wa kuinua. Mkono huo ulishauinua siku ya kiapo, na njaa ya ndugu haiwezi kuurudisha chini. Usisaini.

Umeogopa kudanganya, na hapo uko sawa, ila hukufika mbali. Nchi ikiwa vitani, malalamiko ya wanakijiji yanatafutiwa kasoro ndogo tu ili yawekwe pembeni. Atasimama mbunge mmoja aseme haya yameandikwa na watu wa Tanzania, basi, wazee wako wote wa Mpanda watakuwa wameuziba mwalo zaidi kuliko ule waya. Mwambie hivyo Maximilian, na ukipenda mwambie nimesema mimi.

Tena nikuulize, Mwalimu: karatasi ikishasomwa, askari atamuuliza nani? Wewe utakuwa Makanyagio unakunywa chai. Dada yako anapokung'ang'aniza usaini wa kwanza, mimi sisikii mtu anayekulaumu. Namsikia mtu anayeogopa na hajui namna ya kumwambia kaka yake. Ulimuuliza? Kurasa zote hizo, na hilo hukuuliza.

Mpigie leo. Muulize kama yeye na wenzake wako tayari majina yao yaonekane. Wakiogopa, katekista apeleke ombi kwa jina la kijiji, na wewe usiwasukume. Wakikubali, mwenye kuandika miongoni mwao aandike yale yale aliyokuambia dada yako: asubuhi, jua likiwaka, watuhesabu tukitoka na tukirudi. Hapo hakuna cha kuongeza. Mkuu wa kikosi anaweza kulikubali ombi hilo bila kuaibika, na wewe ulilifukia chini ya wakoloni! Mkeo aliliona hilo huku anachambua mchele, kamwombe radhi.

Aloyce abebe karatasi yako moja, fupi, ya peke yake. Sema ulizaliwa wapi, sema sasa wewe ni Mtanzania, sema una dada pale na unaomba asikilizwe. Mtu anaruhusiwa kumwombea dada yake bila kujifanya yeye.

Ile ndefu itunze. Ni ya kweli, nina hakika, na wajukuu wako wataihitaji. Ila Jumamosi hii ibaki nyumbani.

Na Pasaka ijayo, kijiji chenu kikiitwa, simama kama kawaida, lakini usiitike. Uwe umeshapanga na Scolastica apande mlimani mapema. Weka simu sauti kubwa, iinue juu wazee wenzako wasikie, aitike "tupo" mwenyewe, maana yeye ndiye aliyepo. Mtandao ukigoma, usiitike kwa niaba yake, ukae.