Rimu Nne Sebuleni

Kitindamimba wangu,

Huku hatujambo. Paka amezaa ndani ya tairi kuukuu pale gereji, na baba yako hataki aguswe.

Nilimsomea barua yako tukiwa mezani, pale unapouliza uvalishe tairi za upana gani gari lako la mashindano. Unajua tangu ulipopinduka nalo hataki hata kulisikia. Akamega tonge. Kisha akaiambia sahani yake: “Tairi pana kwenye rimu nyembamba huyumba kwenye kona. Achukue rimu za upana wa inchi nane, tairi za milimita mia mbili ishirini na tano. Akizidisha hapo, zitasugua bodi.” Akanawa, akatoka.

Jana nilikuta rimu nne za inchi nane sebuleni, zimeng’arishwa, zimelazwa kwenye makochi. Nikamwambia tuzipakie kwenye basi zikufikie. Akaja juu! Eti mzigo huo hautumwi. Uje mwenyewe, alione hilo bega kama kweli limepona.

Basi njoo upesi, binti yangu. Hatuna pa kukaa.

Mama yako