Harufu Tusiyoisikia

Jumatatu, 6 Julai 2009

Ukungu tena! Kijiji chetu cha Maretadu chote kimefunikwa, hata zizi silioni. Sanduku la kupashia maji kwa jua limekaa uani na kioo chake, maji ndani baridi kama ya kisimani. Alfredi, mtaalamu wa kampuni ya Arusha inayotaka kununua rozimari ya kikundi chetu, alitukataza kuni, akatukataza na spiriti. Majani ya rozimari yakauke kivulini, yasagwe, yalowekwe kwenye maji yaliyopashwa na jua tu. Hayo maji ndiyo yanazuia mafuta ya kula yasichache — ana neno lake refu, antioksidanti. Sawa. Jua lenyewe liko wapi? Majani yameanza kushika kuvu.

Ijumaa, 10 Julai

Nimeyapandisha darini, juu ya moto. Mahindi yanakaa huko, mbegu zinakaa huko, hakijawahi kuharibika kitu. Konsolata na wenzetu wengine wa kikundi wamefanya hivyohivyo. Yamekauka safi, yanavunjika mkononi! Mchana jua likachungulia, nikayaloweka. Chupa imejaa. Nimefurahi kama mjinga.

Akonaay, mume wangu, kaitazama chupa, katoka nje. Tangu ning'oe maharage nipande rozimari, anakula kimya.

Alhamisi, 16 Julai

Alfredi kaja. Shikamoo mama, marahaba, kafungua chupa — karudisha uso nyuma.

“Mama, hii ina moshi.”

Moshi gani? Nikanusa. Konsolata akanusa. Chupa ikazunguka kikundi kizima, hakuna aliyesikia kitu. Nikamwambia labda ni pua yake ya mjini. Akaona haya, lakini hakubadili neno. Eti mafuta yatanuka, kampuni haitachukua. Atarudi mara moja tu, mwisho wa mwezi. Ikiwa bado ina moshi, wanahamia Getanuwas, sisi basi.

Shamba zima la rozimari! Hata mbuzi hawali.

Jumapili, 19 Julai

Tumetoka kanisani, Akonaay kafungua mdomo hatimaye. Chupa ikikataliwa, anaichoma rozimari yote, mvua zikija apande maharage. Jana watoto walitumwa kuomba maharage kwa jirani. Kwa sababu yangu.

Jumamosi, 25 Julai

Majani ya mwisho tumeyakausha kwenye stoo ya kanisa, mbali na moto wowote. Jua lilitoka siku mbili. Nimechambua, nimesaga, nimeloweka, chupa mpya iko tayari. Nanusa asubuhi, nanusa jioni. Sisikii kitu.

Lakini na ile ya kwanza sikusikia kitu!

Tutajuaje? Konsolata anasema tusali. Nimechoka kusali. Halafu nikamkumbuka Jenifa, binti yangu. Yuko Babati anasuka watu nywele, mwaka wa pili huu hajalala kwenye nyumba ya moto wa kuni. Yeye atasikia. Nimempigia simu, anakuja Jumanne. Alfredi anakuja Jumatano.

Jumanne, 28 Julai

Nilioga. Nikavaa kitenge kipya kabisa. Jenifa kashuka kwenye basi, mnene, mzuri, nikamkumbatia — mtoto akakaza shingo. Nikamuuliza ana nini. Hana kitu. Nikambana njia nzima mpaka nyumbani.

“Mama, usikasirike. Una harufu ya moshi. Nywele, nguo, mpaka mikono.”

Mikono! Majani yote nimeyachambua mimi, jani kwa jani, kwa mikono hii. Usiku wa baridi niliyafunika kwa khanga zangu, nikijiona mwerevu. Sabuni yenyewe naiweka darini. Kitenge nacho kilikuwa darini. Mimi ndiye mwenye nyumba, miaka yote hii nimewakumbatia watu hivi hivi, hakuna aliyeniambia.

Sasa naona aibu mbele ya mwanangu mwenyewe. Na hakuna majani mengine. Tumekata mpaka vijiti.

Akonaay kaingia, kakaa. Jenifa kachukua chupa mezani. Anafungua kifuniko. Mimi naandika hapa ili nisimtazame uso. Amenusa. Ananusa tena. Ananiita taratibu, “Mama” —