Cherehani cha Mama na Viwanja Viwili vya Ndege

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono, maana tangu tiketi ifike usingizi umenipaa na chakula hakipiti. Mimi ni fundi wa kushona, mjane, na mwanangu wa pekee atajifungua kwa upasuaji Ijumaa ijayo huko ughaibuni, mumewe yuko mbali kikazi, na ameniambia, "Mama, usipofika, nitaingia chumba kile na nani?" Sasa tiketi aliyonikatia, ndege ya kwanza inatua uwanja mmoja na ya pili inaruka uwanja mwingine, mji uleule lakini huku na kule, katikati nina saa tano tu, mizigo naichukua mwenyewe, nipande treni, nishuke, nidandie basi, na nasikia kuna ngazi, na goti langu unalijua, nilikuandikia mwaka jana. Nina begi la nguo za mtoto, na nina sanduku la cherehani cha marehemu mama, chuma kitupu, kilo kumi na sita. Mwanangu kasema, "Mama, njoo mikono mitupu, vyerehani huku vipo," lakini nikuambie ukweli, siwezi kukiacha, dada yangu anakidai, hatusemezani mwaka wa tatu sasa tangu tumzike mama, na nikigeuza kisogo tu atatuma mtu akichukue. Yeye anaishi hukohuko kwenye mji wa viwanja viwili, ila huyo tumwache. Kila nikifumba macho najiona nimekwama kwenye ngazi, watu wananipita, ndege inaondoka, na mwanangu ananiita. Nipande treni au basi? Nifanyeje?

Fundi Goti

*

Fundi Goti, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nikacheka, unisamehe. Unamficha dada yako cherehani kwa kukipitisha mlangoni kwake! Na mbebaji ni wewe, mwenye goti bovu.

Tuanze na njia. Treni ya ngazi iache. Ukitua, uliza basi linalotoka uwanja hadi uwanja, lenye buti la mizigo. Saa tano zinamtosha mwenye begi moja. Mwenye kilo kumi na sita za chuma atachelewa, na mtaka yote hukosa yote.

Sasa lile ulilolifukia katikati ya barua. "Huyo tumwache," umesema. Hatumwachi ng'o! Mji mzima ule unamjua mtu mmoja tu, naye mmenyonya ziwa moja. Mlipomzika mama, nani aliwatuma mzike na undugu?

Mpigie leo, si kesho. Usianze na cherehani, anza na goti. Mwambie, "Dada, napita kwenu, mzigo umenishinda." Kisha nyamaza umsikilize, hata akikusema. Akija, yeye ashike kishikio cha huku na wewe cha kule. Mkifika uwanja wa pili, sanduku limbakie yeye. Wewe umekishonea miaka mitatu, inatosha.

Asipopokea simu, cherehani kiache nyumbani, na akitaka kukichukua, na akichukue. Najua kitakuuma. Lakini kwa Ijumaa hiyo mwanao hakumwita fundi. Amemwita mama yake, na mama yake anaye bado.