Amplifaya Tisa za Mzee Ombati

Nyanchwa, Kisii

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na unapanda ngazi bila kushikwa mkono. Mimi ni mzima, ila joto nililotoka nalo Malindi limekwisha mwilini. Huku mvua hushuka kila alasiri na nguo hukauka siku ya tatu. Uliniuliza kwenye simu mbona nilikuwa mnyonge. Sikutaka kusema mbele ya watu.

Shule moja ya Sironga iliagiza kwetu karakanani amplifaya tisa ndogo za hedifoni, za watoto wenye masikio mazito. Mwalimu wao alisema, "Sauti iwe safi. Hawa wakisikia mkwaruzo, wanavua na hawavai tena." Aliyezilehemu ni Mzee Ombati, fundi wa miaka mingi, ambaye siku hizi huinamia kazi hadi pua inakaribia waya. Kupima nikapewa mimi.

Kupima ni hivi: unaingiza mlio mmoja safi, kisha kompyuta inakuonyesha kilichoongezeka upande wa pili. Hicho cha ziada ndicho uchafu. Nikapima ya kwanza: chafu. Ya pili: chafu. Zote tisa. Siku hiyo ya Alhamisi nikamwambia tajiri wetu, Bwana Yusuf, mbele ya Mzee mwenyewe, kwamba kazi haifai. Yusuf akaamua zifumuliwe, alehemu mtu mwingine. Mzee alitia chuma chake cha kulehemu ndani ya gunia, akaenda kwake Kiogoro.

Kilichonikera baadaye ni namba zenyewe. Zilifanana mno, Mama. Mkono wa binadamu ukikosea, hukosea hapa hivi na pale vile. Hizi zilikuwa kama mapacha tisa. Jumamosi, watu wengi wakiwa kanisani, maana huku wengi ni Wasabato, nilimwomba Yusuf funguo; amplifaya zilikuwa hazijafumuliwa bado. Nikaiondoa amplifaya kabisa, nikaunganisha mlio moja kwa moja kwenye kipimo cha kompyuta. Safi! Nikasema: basi kosa ni la Mzee kweli. Lakini nikajiuliza, mbona mlio huu ni mdogo, na amplifaya huutoa ukiwa mkubwa? Nikaupandisha hadi kimo kile kile. Uchafu ukarudi, na amplifaya iko mezani, haijaunganishwa na kitu.

Kumbe kipimo ndicho kilichokuwa kinazidiwa, nami ndiye niliyekizidishia. Nikaweka rizista mbili za kuupunguza mlio kabla haujakifikia, nikapima upya. Nane zikatoka safi. Ya tisa ikabaki na uchafu kidogo.

Jumapili nikaenda Kiogoro. Nilimkuta migombani akimkatia ng'ombe majani.

"Mzee, nimekosa," nikasema. "Nilikushtaki kabla sijakijaribu kipimo."

Nikamweleza yote. Akaweka majani chini. "Mimi nilishaambia bibi yangu mkono imekwisha," akasema. "Siku tatu nimelala nikijua hivyo."

Mkewe akatuandalia ugali na chinsaga, mboga chungu wanayoipenda huku, nikala kwa haya. Ndipo nikamtajia ile ya tisa, nikitarajia hasira. Aliacha kula.

"Hiyo iko na uchafu ya kweli?"

"Ya kweli, Mzee."

"Twende nione!"

"Leo karakana imefungwa."

"Basi kesho mapema."

Jumatatu nilimkuta mlangoni na gunia lake. Akaipekua ile ya tisa kwa kioo cha kukuzia, akagonga kiungo kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu, mimi nikitazama kompyuta. Alipogusa kimoja karibu na ukingo, namba zikaruka.

"Hapa! Risasi ya kulehemu haikushika."

Akalehemu tena, nikapima. Safi. Mzee alicheka hadi miwani ikamteleza, akamgeukia Yusuf.

"Hii kosa ni yangu," akasema. "Kosa ya zile zingine nane ni ya huyu msichana."

Mwalimu wa Sironga alizichukua Jumatano, baada ya kuisikiliza kila moja kwa hedifoni masikioni mwake. Mzee sasa amenitaka nimfundishe kipimo. Maswali yake yananitoa jasho, mengine sina majibu yake.

Nisalimie bibi, umwambie asali yake imenifikia. Msalimie mjomba Athmani kwenye cherehani yake, na wifi Saada na mtoto wake mchanga. Nakuombea afya njema, nami usiache kuniombea.

Binti yako akupendaye,
Mwanakombo