Kavata Hataki Mchumba Mwingine

Jumatatu, 2 Juni
Naandika sura ya tisa ya riwaya yangu tangu asubuhi. Kavata na watu wake wamevuka jangwa, na bado wanapanda mlima kuirudisha mvua iliyoibwa na wafalme wa mawinguni. Simu ikalia. Mhariri wangu, yuko Nairobi. Eti kitabu cha pili kinatambaa. Eti vijana watakitupa. Anataka Kavata apendane na Nzau, yule mhunzi, kabla ya ukurasa wa hamsini.

Hamsini! Ngula, mchumba wake, ameuawa mwishoni mwa kitabu cha kwanza. Nilikata simu bila kuaga.

Jumatano, 4 Juni
Bado nina hasira. Darasani nimemfokea mtoto wa watu bure.

Mhariri hajui kitu. Kifo cha Ngula nilikiandika baada ya kumzika kaka yangu Musyoka. Kile kicheko cha Ngula ni cha Musyoka. Sasa mtu aliyeketi ofisini ananiambia nimletee Kavata mwanamume mwingine upesi, kama anayebadilisha tairi. Sitaki.

Nimempelekea Mutheu, mjane wa Musyoka, nakala ya sura zote. Yeye atanielewa.

Ijumaa, 6 Juni
Ukungu umefunika vilima vya Iveti. Baridi mbaya. Mhariri amepiga tena: mapenzi yaje mapema, au kitabu kingoje mwaka ujao. Nikamwambia kingoje.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya kanisa nilienda Mitaboni kwa Mutheu. Nilimkuta uani anapura maharagwe.

"Nimesoma, wifi," akasema. "Lakini niliruka kurasa nyingi. Wanatembea, wanalia, wanatembea tena. Huyo Kavata wako hacheki hata siku moja?"

"Amefiwa!"

"Hata mimi nilifiwa. Nililia. Na bado nilifukuza kuku jikoni, nikacheka na majirani."

"Kwa hivyo na wewe unataka apewe mwanamume?"

Akaweka fimbo chini. "Niko na mtu, wifi. Anaitwa Daudi, anauza mbegu pale sokoni. Nilitaka uambiwe na mimi mwenyewe."

Nilimwambia hakuwahi kumpenda kaka yangu. Hivyo hivyo, uani, jirani akisikia. Akaokota fimbo, akarudia maharagwe yake. Niliondoka nikaacha karatasi zangu kwenye kigoda.

Jumanne, 10 Juni
Namchukia huyo Daudi na sijamwona. Namchukia mhariri. Mutheu nimeshindwa kumchukia, na hilo linaniudhi zaidi.

Nimeisoma sura ya tisa kwa sauti. Haiendi. Kurasa na kurasa, hakuna anayetaka chochote. Wanatembea kwa sababu mimi nimewaambia watembee. Kavata nimemfunga kwenye kaburi la Ngula, kwa kuwa mimi ndiye sitaki kutoka pale.

Nikarusha kalamu ukutani. Ikavunjika.

Jumamosi, 14 Juni
Nimekata. Jangwa karibu lote limeenda. Wiki za kuomboleza sasa ni usiku mmoja, na usiku huo unauma kuliko zile wiki zote. Nzau anaanguka mtoni na nyundo zake. Kavata anacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha anamkasirikia siku nzima kwa kumchekesha. Hiyo hasira naijua vizuri.

Nimempigia Mutheu. Nikasema, "Wifi, nilikosa. Nisamehe." Nikamwomba amlete Daudi nyumbani, amsalimie Mama. Akasema maneno yale bado yanamchoma, lakini atakuja.

Jumatano, 18 Juni
Mhariri amesoma sura mpya.

"Sasa inakimbia," akasema. "Lakini busu liko wapi?"

"Hakuna. Hayuko tayari."

"Wasomaji watalitaka."

"Basi walitake mpaka kitabu cha tatu. Ukilitia wewe, toa jina langu kwenye jalada."

Nilikuwa napiga kelele, walimu wenzangu wote wakageuka. Akasema sawa, kitabu kitatoka mwaka huu, lakini nisimlaumu wasomaji wakilalamika. Nitamlaumu.

Jumapili, 22 Juni
Mutheu alikuja, na Daudi nyuma yake. Mfupi, mpole, shati limepigwa pasi. Alimsalimia Mama kwanza, akakaa kiti cha karibu na mlango. Mama akamuuliza kwao ni wapi. Akajibu kwa heshima. Machozi yalimlengalenga Mama, lakini akaendelea kumuuliza habari za mvua ya kwao.

Nilileta chai. Nikamuuliza Daudi anaweka vijiko vingapi vya sukari. Mutheu akajibu kabla yake, "Viwili." Kisha akanitazama.

Nikatia viwili, nikakoroga.